Mwarobaini: kuujua kwa jina lake, kuutofautisha na mmelia, na kuutumia nyumbani bila kujidhuru

Mtoto alikuwa na tetekuwanga, na bibi yake alishamtuma kijana wa jirani akachume majani ya mwarobaini. Nilipoingia uani, huku Tabata, Dar es Salaam, nilikuta sufuria juu ya jiko la mkaa, maji yameanza kutokota, na tawi limelazwa kando ya beseni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ndiyo namwandalia mjukuu dawa hapa."

Nikaliinua tawi. Jani lake lilikuwa na kikonyo kirefu, na kutoka kwenye kikonyo hicho vimetoka vikonyo vingine vidogo kulia na kushoto, na majani madogo yakashikilia hivyo vikonyo vidogo. Nikamwambia, "Bibi, huu si mwarobaini. Huu ni mmelia." Akanitazama. "Kijana amesema kauchuma kwenye mwarobaini." Na kijana hakudanganya, maana mtaani kwao mti ule kila mtu anauita hivyo.

Kwa kuoga tu pengine mtoto asingepata madhara makubwa. Lakini bibi alikuwa amepanga kumnywesha nusu kikombe kwanza ili "kusafisha ndani", na mmelia una sumu. Maji tukamwaga, tukaenda mtaa wa pili kwenye mwarobaini wenyewe, na jioni mtoto akaogeshwa, hakunyweshwa. Tangu siku ile nimekuwa nikiwaeleza watu jambo moja: kabla hujauliza mwarobaini unatibu nini, hakikisha ulichoshika mkononi ni mwarobaini. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye jina, ndipo unaingia jikoni.

Jina la mtaani na jina la kitaalamu

Kiswahili kimeupa mti huu jina la sifa: mti wa magonjwa arobaini. Wapo wanaoandika mwarubaini, wapo wanaoandika muarobaini, na Kenya wapo wanaouita mkilifi. Jina la sifa linakumbukika, na hilo ni jema. Tabu yake ni kwamba mti wowote mchungu wenye majani yanayofanana unaweza kuvishwa jina hilohilo, na hakuna wa kumshitaki aliyeuvisha.

Jina la kitaalamu ni *Azadirachta indica* A.Juss. Tulivunje vipande, kwa sababu kila kipande kina kazi yake.

*Azadirachta* ni jenasi, yaani ukoo wa karibu wa mti. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiajemi, azad dirakht, mti huru au mti mtukufu. Huanza kwa herufi kubwa siku zote. *Indica* ni spishi, yaani aina mahususi ndani ya jenasi, na maana yake ni "wa India", kwa kuwa asili ya mti ni Bara Hindi na Burma. Huanza kwa herufi ndogo siku zote, hata ikiwa inataja nchi. Maneno haya mawili huandikwa kwa herufi za mlalo, na ukiandika kwa kalamu unayapigia mstari chini. A.Juss. ni kifupi cha jina la mtaalamu aliyeuweka mti mahali pake: Adrien de Jussieu, Mfaransa. Ile "A." imewekwa kwa makusudi, maana baba yake, Antoine Laurent de Jussieu, naye alikuwa mtaalamu wa mimea na kifupi chake ni Juss. peke yake. Mzee na kijana wametofautishwa kwa herufi moja.

Kuna historia fupi hapa ambayo ina faida. Mwaka 1753 Carl Linnaeus, Msweden aliyeanzisha utaratibu huu wa majina mawili, aliuita mwarobaini *Melia azadirachta*. Mmelia akauita *Melia azedarach*. Yasome tena majina hayo mawili polepole. Yametoka kwenye Kiajemi kilekile na yanatofautiana kwa herufi chache tu. Mwaka 1830 Jussieu akautoa mwarobaini kwenye jenasi ya Melia na kuupa jenasi yake. Ukikuta kitabu cha zamani kimeandika *Melia azadirachta* au *Melia indica*, kinazungumzia mwarobaini. Ukikuta *Melia azedarach*, simama hapo hapo: huo ndio mmelia, mti wa bibi wa Tabata. Nimeshaona kifungashio cha unga kimeandikwa jina ambalo ni mchanganyiko wa yote mawili, na mwuzaji hana habari.

Miti yote miwili iko kwenye familia ya Meliaceae, familia moja na mkangazi tunaotengenezea milango na vitanda. Ni ndugu, ndiyo maana wanafanana sura. Ila undugu wa mimea hauna maana kwamba dawa ya mmoja ni dawa ya mwingine.

Hatua ya kwanza: ukague mti kwa macho, si kwa ulimi

Watu wengi hukata jani na kulitafuna: likiwa chungu wanasema ndiyo wenyewe. Acha. Mmelia nao ni mchungu, na uchungu hauna jina.

Anza na jani. Chuma jani zima mpaka pale kikonyo kinapokutana na tawi, kisha ulilaze kwenye kipande cha gazeti. Mwarobaini una kikonyo kimoja tu kirefu, chenye urefu wa kiasi cha sentimita 20 hadi 40, na majani madogo yamepangwa moja kwa moja pande zake mbili. Hakuna tawi la pili. Mmelia kikonyo chake kinagawanyika mara mbili, hata mara tatu, kabla ya kufika kwenye majani madogo. Ukijifunza jambo hili moja tu, umeshavuka sehemu kubwa ya hatari.

Sasa lishike jani dogo moja la mwarobaini ulitazame dhidi ya mwanga. Limepinda kama mundu. Ule mshipa wa kati haupiti katikati: upande mmoja wa jani ni mpana kuliko wa pili, na pale chini pande hizo mbili hazianzi mahali pamoja. Kingo zake zina meno kama ya msumeno. Mara nyingi lile jani dogo la kwenye ncha kabisa halipo, kikonyo kinaishia kwenye jozi.

Maua ya mwarobaini ni meupe, madogo, yananukia asali, na mtu akipita chini yake jioni anayasikia kabla hajayaona. Ya mmelia yana rangi ya zambarau hafifu, na katikati yana kijibomba cha zambarau iliyokolea. Tunda la mwarobaini ni refu kidogo, umbo la zeituni, sentimita moja hadi mbili, bichi ni kijani na likiiva linakuwa la njano, na ndani kwa kawaida lina mbegu moja. Popo na ndege wanalipenda sana. Ndiyo maana chini ya mwarobaini utakuta kokwa zilizomenywa vizuri kana kwamba kuna mtu alikaa anazimenya. Tunda la mmelia ni la mviringo kama gololi, kokwa yake ina mifereji na mbegu kadhaa, na matunda hubaki yananing'inia mtini hata majani yakishapukutika. Hayo matunda ndiyo yenye sumu zaidi, na watoto huyachezea.

Wapo pia wanaochanganya mwarobaini na ule mti mdogo ambao majani yake Wahindi hutia kwenye mchuzi. Huo hauna tabu: ponda jani moja, harufu ya mchuzi itakujulisha.

Hatua ya pili: tunza sampuli

Hatua hii huwa wanairuka, na mimi nakusihi usiiruke. Kata tawi dogo lenye majani, na likiwa na maua au matunda ni bora zaidi. Lilaze ndani ya gazeti, ligeuze jani moja ili upande wa chini nao uonekane, funika kwa magazeti mengine, weka ubao juu na tofali mbili. Kwa unyevunyevu wa Dar es Salaam ukiliacha hivyohivyo litaota ukungu siku ya tatu, kwa hiyo badilisha magazeti kila siku mpaka lishikike kavu, kiasi cha wiki moja au zaidi msimu wa masika.

Libandike kwenye karatasi ngumu kwa nyuzi au gundi kidogo, na chini upande wa kulia uandike: jina la kitaalamu, jina ambalo watu wa pale wanauita, mahali ulipochuma, tarehe, mti una urefu gani, rangi ya maua, na jina lako. Rangi ya maua iandike siku ileile, maana ikikauka inapotea.

Karatasi hiyo ndiyo itakayokusaidia siku ukiwa na wasiwasi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, kina hebaria, yaani maktaba ya mimea iliyokaushwa, na pale Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili ambayo kazi yake ni kuchunguza dawa zetu za mitishamba. Ukienda na sampuli iliyokaushwa vizuri, mtaalamu ana kitu cha kulinganisha. Ukienda na unga kwenye mfuko wa nailoni, unampa kitendawili.

Na kuna sababu kubwa zaidi ya kuandika. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, ya dawa ya kuua kuvu iliyotokana na mafuta ya mwarobaini. Wanaharakati wa India na wenzao wa Ulaya wakapinga: wakulima wa India walikuwa wakiitumia elimu hiyo miaka na miaka. Kesi ikaenda mpaka mwaka 2005 ndipo hataza ikafutwa kabisa. Elimu ya bibi zetu isiyoandikwa, isiyo na jina kamili la mti, ni rahisi mno kuchukuliwa na mwingine.

Hatua ya tatu: wapi pa kuchuma, na jinsi ya kukausha

Mwarobaini uko kila mahali mjini: pembeni mwa barabara, uani shuleni, msikitini, kanisani, mbele ya maduka. Usichume ule wa barabarani. Vumbi na moshi wa magari vimegandamana kwenye majani yale, na mengine yapo juu ya mitaro ya maji machafu. Tafuta wa uani, uombe ruhusa kwa mwenye nyumba, na uulize kama wamepulizia dawa ya wadudu hivi karibuni.

Chuma asubuhi umande ukishakauka. Chukua majani yaliyokomaa, yenye kijani iliyokolea. Yale mekundumekundu ya ncha yaache yakue. Osha mara mbili kwa maji safi, hasa ikiwa popo na kunguru wanalala juu ya mti huo. Tandaza kwenye ungo au mkeka, kivulini penye upepo. Usiyaanike juani. Jua linaunguza rangi na kuharibu kile unachokitafuta. Yamekauka yanapovunjika vidoleni yakitoa sauti. Weka kwenye chupa yenye mfuniko unaobana, andika tarehe, na baada ya miezi sita yamwage, uchume mengine. Mti haujahama.

Mbegu zinahitaji uangalifu zaidi. Okota matunda ya njano, toa nyama yake siku hiyohiyo, osha kokwa, kausha kivulini. Ukiziacha na unyevu zinaota ukungu, na ukungu wa mbegu unaweza kutengeneza sumukuvu, sumu ileile inayoharibu mahindi na karanga. Kokwa yenye madoa meusi au harufu ya uvundo, tupa.

Hatua ya nne: matumizi ya nje

Hapa ndipo mwarobaini unapostahili heshima yake, na ndipo ninapoutumia mwenyewe bila wasiwasi.

*Maji ya kuogea na kukandia.* Kwa muwasho wa tetekuwanga, vipele vya joto na ngozi inayowasha: viganja viwili vya majani mabichi kwa lita tatu za maji. Chemsha dakika 15, funika, acha yapoe mpaka yawe ya uvuguvugu, chuja kwa kitambaa safi. Kwanza jaribu: pakaa kidogo ndani ya kiwiko, subiri mpaka kesho yake. Ngozi ikiwa nyekundu au ikivimba, basi hiyo si dawa yako. Ikiwa salama, mwogeshe mgonjwa maji hayo mwishoni, usiyasugue, mkaushe kwa kumgusagusa na taulo. Tumia siku hiyohiyo, yaliyolala tupa. Usitie machoni, wala kwenye kidonda kilicho wazi au ngozi iliyoungua moto.

Kujifukiza nako watu wanakupenda. Sikutilii mkazo, kwa sababu nimeona maji ya moto yakimwagika chini ya blanketi, na kidonda chake kilichukua muda mrefu kuliko mafua yenyewe. Mtoto asifukizwe kabisa.

*Upele.* Mwaka 1992 madaktari nchini India walichapisha majaribio ya marhamu ya majani ya mwarobaini na manjano kwa watu 814 wenye upele. Asilimia 97 walipona kati ya siku tatu na 15. Ni matokeo ya kutia moyo, ila hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo yachukue kama dalili njema tu. Ukitaka kuijaribu, twanga majani mabichi kwenye kinu mpaka yalainike, changanya na manjano kidogo, pakaa mwili kuanzia shingoni kushuka, kaa nayo kwa muda, kisha oga. Lakini upele hautoki kwenye nyumba kwa kumpaka mtu mmoja. Familia nzima mtibiwe siku moja, mashuka na nguo vifuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Wiki mbili zikipita na muwasho wa usiku upo palepale, nenda zahanati. Na mapunye ya kichwani kwa mtoto usipoteze muda nayo kwa majani. Mara nyingi yanahitaji vidonge.

*Mswaki.* Kata kijiti kibichi chenye unene wa kidole cha mwisho na urefu wa kiganja. Menya gome kwenye ncha, tafuna mpaka nyuzi zichambuke ziwe brashi, sugua taratibu kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino, tema mate yote. Kata ile ncha iliyotumika, kesho tafuna nyingine. Majaribio ya dawa za kusukutulia zenye mwarobaini yameonyesha kuwa hupunguza utando kwenye meno na kutuliza fizi. Neno mswaki lenyewe limetoka mtini kabla halijaenda kwenye plastiki, kwa hiyo hapa hatujifunzi kitu kigeni. Ila kijiti hakina floraidi, ile kinga ya meno dhidi ya kuoza, kwa hiyo dawa ya meno ya usiku iendelee.

*Mafuta ya kufukuza mbu.* Mafuta ya mbegu za mwarobaini yana harufu nzito kama ya kitunguu saumu na karanga zilizochacha. Usiponusa hivyo, jiulize umeuziwa nini. Changanya kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo na robo lita ya mafuta ya nazi, ambayo ni kama asilimia mbili. Mtu mzima ajipake mikono na miguu jioni. Mchanganyiko wa namna hii ulijaribiwa India na ukafukuza mbu kwa saa kadhaa, ingawa majaribio mengine hayakufikia kiwango hicho. Kwa hiyo utumie ukiwa umekaa barazani, na ukienda kulala uingie kwenye chandarua kama kawaida. Mtoto mchanga asipakwe.

Bustanini, ambako hauna mpinzani

Wenye vitalu vya mchicha na matembele uani, sehemu hii ni yenu. Kilichomo kwenye mbegu kinaitwa azadiraktini, na hakiui mdudu kwa kishindo kama sumu za dukani. Kinamkatisha hamu ya kula na kumvuruga anapotaka kujivua ngozi, basi anadhoofika na hakui. Usitarajie kuona maiti za viwavi asubuhi. Tarajia majani mapya yasiyo na matundu baada ya wiki.

Twanga nusu kilo ya mbegu zilizomenywa na kukauka, funga kwenye kitambaa, loweka kwenye lita 10 za maji usiku kucha. Asubuhi kamua, chuja, ongeza kijiko kikubwa cha sabuni ya maji ili dawa ishike kwenye majani. Ihifadhi kivulini na uipulizie jioni ileile, maana jua huiharibu haraka, na pia jioni nyuki wamesharudi. Hakikisha upande wa chini wa majani umelowa, maana vidukari na inzi weupe hukaa huko. Rudia kila baada ya siku saba. Kama huna mbegu, kilo moja ya majani mabichi yaliyotwangwa kwa lita tano za maji inasaidia, ingawa nguvu yake ni ndogo. Usimwage mabaki kwenye bwawa la samaki. Mboga ziache siku chache kabla ya kuchuma na uzioshe vizuri, la sivyo watoto watakataa mchicha kwa uchungu.

Majani makavu ukiyachanganya na maharage au kunde ndani ya debe, bungua hupungua. Mama yangu alifanya hivyo miaka yote, akiyapepeta siku ya kupika.

Kuhusu kunywa

Najua wengi wamefika hapa wakitafuta kipimo cha kunywa. Sitakitoa, na nitaeleza kwa nini.

Kiasi cha dawa kilichomo kwenye majani hubadilika kutoka mti hadi mti na msimu hadi msimu. Kikombe cha mti wa Mbagala si sawa na kikombe cha mti wa Kawe, hata kama idadi ya majani ni ileile. Hakuna anayeweza kukupa kipimo cha kweli kwa kutazama sufuria.

Malaria ndiyo hatari kubwa. Kwenye maabara, baadhi ya vitu vilivyotolewa kwenye mwarobaini vimeonekana kuzuia vimelea vya malaria. Maabara si mwili wa mtu, na mpaka sasa chai ya mwarobaini si tiba ya malaria. Mtoto mwenye homa aende akapimwe siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka kinatoa jibu ndani ya nusu saa, na dawa mseto ipo. Mtoto akipata degedege usitafute majani wala mganga, tafuta gari.

Mafuta ya mbegu yasinywewe na mtu yeyote, na mtoto hasa. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga 13 waliopata sumu baada ya kunyweshwa mafuta hayo kama dawa ya kienyeji: kutapika, kusinzia, kisha kupoteza fahamu na degedege. Ni mafuta yaleyale ambayo mwuzaji anaweza kukwambia "ni ya asili, hayana madhara".

Mjamzito asinywe, na wanaotafuta mtoto, mke na mume, wasinywe. Mafuta na majani ya mwarobaini yamechunguzwa kama dawa ya kuzuia uzazi, na kwa wanyama yameonyesha uwezo wa kuharibu mimba na kupunguza nguvu za mbegu za kiume. Anayetumia dawa za kisukari anaweza kushuka sukari ghafla, kwa kuwa mwarobaini nao hushusha. Mwenye matatizo ya ini au figo, na anayetumia dawa za kila siku za ugonjwa wowote, azungumze na daktari wake kwanza, na amweleze wazi. Wengi wetu humficha daktari kwa kuogopa kukaripiwa. Mwambie. Hawezi kupima dawa zake vizuri kama hajui kilichotangulia tumboni.

Ukishakuwa umeamua kwa vyovyote kutumia mitishamba ya kunywa, basi tafuta tabibu aliyesajiliwa. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lililoundwa kwa sheria hiyo ndilo linalosajili waganga, vituo na dawa zao. Kuomba kuona cheti si utovu wa adabu.

Ukinunua sokoni

Kariakoo na masoko mengine mjini utapata majani, magome, unga na mafuta. Nunua majani mazima kuliko unga, maana jani linajieleza lenyewe ukilitandaza, na unga hauna sura. Ukilazimika kununua kilichofungashwa, soma lebo: iwe na jina kamili la kitaalamu lililoandikwa sawasawa, sehemu ya mti iliyotumika, uzito, tarehe ya kufungashwa, namba ya usajili na mahali mtengenezaji anapopatikana. Ikiorodhesha magonjwa arobaini, rudisha mezani. Muulize mwuzaji kwa upole, "Kaka, mti wenyewe umechumwa wapi?" Anayejua atakujibu kwa raha na kukuongezea hadithi. Asiyejua ataanza kukutajia bei.

Ikitokea mtu amekula au kunywa kitu kisicho sahihi

Dalili za sumu ya mmelia huweza kuanza baada ya saa chache: tumbo kuuma, kutapika, kuhara, kulegea, kuyumba, na kwa hali mbaya degedege. Usimtapishe kwa nguvu, usimpe maziwa wala mafuta ya kula kwa kudhani yanaosha sumu. Mpeleke hospitali ya karibu mara moja. Kabla hamjatoka, mtu mmoja akimbie akakate tawi la mti uliotumika, lenye majani na matunda kama yapo, alitie kwenye mfuko, na kama kuna chai au unga uliobaki auchukue pia. Andika kwenye karatasi saa aliyokunywa na kiasi. Vyote hivyo mkabidhi daktari mkononi, umwambie jina mnaloliita mtaani na jina la kitaalamu kama unalijua.

Bibi wa Tabata sasa analo lile jani la mwarobaini, nimemkaushia na kumbandikia kwenye kadibodi, na la mmelia liko pembeni yake. Ameyatundika ukutani jikoni, juu kidogo ya mfuko wa mkaa.